Kwaya ya Wanafunzi Kwenda Kuimba Italia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wanakwaya, walimu wa kwaya na wazazi, na mengi hujirudia kila kwaya mpya inapoanza kuota safari. Majibu ni kwa kwaya za wanafunzi wa sekondari na vyuo kutoka Afrika Mashariki zinazokwenda kuimba bila kulipwa, kwa muda usiozidi siku 90. Kama haraka yako ni ya viza, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya karatasi.

## Mambo ya msingi

Kwa nini Italia?

Kwa sababu muziki tunaouimba kila Jumapili umepita huko. Mwalimu wa kwaya anayeandika d, r, m, f ubaoni, awe Mwanza, Kisumu au Bujumbura, anatumia kazi ya mtawa aitwaye Guido aliyefundisha waimbaji mjini Arezzo katika karne ya 11. Guido alichukua silabi za mwanzo wa mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye *ut* ikawa *do*, ikaongezwa noti ya saba, na katika karne ya 19 Waingereza wakaufanya kuwa mfumo wa herufi, sol-fa, ambao wamisionari walituletea. Uwanja wenye sanamu yake upo hadi leo Arezzo. Kwa mwanakwaya aliyekulia kwenye sol-fa, kusimama pale ni jambo kubwa, na ninashangaa kwaya nyingi zinavyoupita mji huo zikikimbilia Firenze.

Roma nako ndiko alikofanya kazi Palestrina, aliyefariki 1594, ambaye nyimbo zake bado zimo kwenye makabati ya kwaya zetu za Kikatoliki. Venezia ina kanisa la San Marco, ambako Giovanni Gabrieli alitunga muziki wa makundi ya waimbaji na wapigaji yanayojibizana kutoka pande tofauti za kanisa, na Claudio Monteverdi akawa kiongozi wa muziki kuanzia 1613 hadi kufa kwake 1643. Kwaya iliyozoea kuitana na kuitikiana itaelewa upesi Gabrieli alikuwa anatafuta nini.

Je, lazima tuwe kwaya ya Kikatoliki au ya kanisa?

Hapana. Kwaya za vyuo zenye waimbaji wa dini zote hupokelewa. Ila ukumbi mkuu wa kwaya ngeni Italia ni kanisa, kwa hiyo programu yenu lazima iwe na nyimbo za kiroho za kutosha. Kuhusu wanakwaya Waislamu, tazama sehemu ya kuimba kanisani.

Twende mwezi gani?

Likizo ndefu ya vyuo vingi vya Tanzania huangukia kati ya Julai na Oktoba. Ndani ya muda huo, chagueni Septemba au Oktoba. Julai ni joto kali, na mavazi ya kitenge yenye bitana ndani ya basi si jambo dogo. Agosti ni mbaya zaidi, kwa sababu tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Waitaliano wengi wako pwani au milimani: paroko hayupo, kwaya wenyeji imefunga mazoezi, maduka ya mtaani yameshusha milango. Mtaimbia watalii wanaopita.

Tuzunguke miji mingapi?

Michache kuliko mnavyofikiria. Kwa siku kumi, miji mitatu inatosha kabisa. Roma hadi Assisi ni karibu kilomita 180, Roma hadi Firenze karibu 280, Firenze hadi Venezia karibu 260. Kwenye ramani inaonekana kazi ndogo, lakini toa muda wa kupakia mizigo ya watu arobaini, kushuka, kula, kufanya jaribio la sauti kanisani na kuvaa. Siku imekwisha.

Nalisema hili kwa kila kwaya inayoniuliza: hii ni safari ya kuimba. Mji ambao hamtaimba, hamna sababu ya kuulala. Mwanakwaya atakumbuka zaidi jioni moja aliyoimba kwenye kanisa la kijiji lililojaa bibi na wajukuu zao kuliko minara mitano aliyoipiga picha kutoka dirishani. Na bibi yule pia atakumbuka.

Inachukua muda gani kujiandaa?

Mwaka mmoja na nusu ni muda mzuri. Mwaka mmoja unawezekana kama pasipoti zipo. Chini ya hapo mtakuwa mnakimbizana na karatasi wakati mlipaswa kuwa mazoezini.

## Karatasi

Tunahitaji viza gani?

Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, inayoruhusu hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wote wanaihitaji. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi siku 45 wakihitaji kuchunguza zaidi. Panga kana kwamba yenu itachukua hizo 45.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uendelee angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya matibabu ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kila mtu anakwenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, isipokuwa watoto walio chini ya miaka 12. Aliyezitoa ndani ya miezi 59 iliyopita anaweza asihitajike kurudia.

Ada ya viza ni kiasi gani? Wanafunzi wana punguzo?

Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Kituo cha kupokelea maombi hutoza ada yake ya huduma juu ya hapo.

Kuna jambo ambalo kwaya nyingi hazilijui. Kanuni za viza za Schengen zinawasamehe ada wawakilishi wa taasisi zisizo za kibiashara wenye umri wa miaka 25 au chini, wanapokwenda kushiriki tukio la utamaduni, michezo au elimu lililoandaliwa na taasisi isiyo ya kibiashara. Kwaya ya chuo inayoalikwa na parokia au chama cha kwaya cha Italia ina sababu ya kuomba msamaha huo. Ombeni kwa barua mapema, mkiambatanisha mwaliko na uthibitisho wa usajili wa taasisi zote mbili, na msisubiri kulizungumza dirishani. Kwa kwaya ya vijana arobaini hizo ni euro 3,600, fedha ya kukodi basi kwa siku kadhaa.

Barua ya mwaliko iseme nini?

Nani anawaalika, mtaimba wapi na lini, mtalala wapi, nani analipia nini. Itaje majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mwanakwaya anayejulikana kama Neema kwaya nzima lakini pasipoti inasema jina lingine, aandikwe la pasipoti. Kwa upande wenu, chuo au shule iandike barua kwamba kila aliyetajwa ni mwanafunzi wake, anatarajiwa kurudi masomoni tarehe fulani, na kwaya ni shughuli rasmi ya chuo. Barua hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu swali kubwa la afisa wa viza ni: huyu kijana atarudi?

Mwanangu ana miaka 16. Anaweza kwenda bila mimi?

Anaweza, kwa ridhaa ya maandishi ya wazazi wote wawili au mlezi wa kisheria, iliyothibitishwa na wakili. Kama mzazi mmoja amefariki au mko mbali mbali, andaa cheti cha kifo au hati ya malezi sasa hivi. Ridhaa ndiyo karatasi inayochelewa kuliko zote. Mwalimu anayesafiri na wanafunzi awe na nakala yake mkononi, si ndani ya begi lililoingia chini ya ndege.

Mmoja wetu akinyimwa viza, inakuwaje?

Atapewa sababu kwa maandishi na ana haki ya kukata rufaa, ingawa mara nyingi rufaa haimalizwi kabla ya safari. Kwa hiyo jipangeni kwa sauti. Kwaya inayoondoka na besi wawili tu imejiweka hatarini, maana akinyimwa mmoja, programu nzima imevunjika. Chagueni nyimbo ambazo zinasimama hata mkipungua watu watatu, na muwe na mwimbaji mmoja wa teno anayeweza kushuka besi. Aliyenyimwa asifutwe kwenye kikundi cha ujumbe. Anaumia mara mbili.

Vatikani ni nchi nyingine. Tunahitaji viza yake?

Hapana. Mnaingia kwa miguu kutoka Roma. Kuna ukaguzi wa usalama kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro, hakuna mpaka. Uswisi na Malta nazo zimo ndani ya Schengen, viza hiyo hiyo inatosha.

## Fedha

Gharama kubwa ni zipi?

Tiketi za ndege kwanza, kisha malazi, kisha basi. Chakula kinafuata. Ombeni bei ya kikundi kwa shirika la ndege, na muulize swali moja ambalo wengi husahau: jina kwenye tiketi linaweza kubadilishwa hadi lini? Jibu la hapo litawaokoa mtu akinyimwa viza.

Malazi nafuu na mazuri ni nyumba za watawa zinazopokea wageni, zipo karibu kila mji wenye kanisa kubwa. Ni safi na salama, na wazazi hupenda kusikia hivyo. Lakini nyingi hufunga geti usiku, na tamasha la kiangazi linaweza kuanza saa tatu usiku. Ulizeni saa ya geti kabla ya kulipia. Karibu kila mji pia hutoza kodi ya mgeni kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyopewa.

Tunaweza kulipwa kwa kuimba ili turudishe gharama?

Msiguse hilo. Viza mliyoombea ni ya safari ya kitamaduni, na malipo ya onyesho yanaleta masuala ya kibali cha kazi. Wenyeji kuwapa malazi, chakula au basi ni jambo la kawaida na la heshima. Kama kuna sadaka ya hiari mlangoni, parokia ndiyo iisimamie, na ijulikane mapema inakwenda wapi.

Mweka hazina wetu atabeba fedha taslimu. Kuna kikomo?

Anayeingia au kutoka Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi lazima azitangaze forodhani. Fedha ya kwaya nzima ikiwa kwenye mkoba mmoja inafika hapo upesi. Gawanyeni, au bora zaidi, lipieni malazi na basi kwa njia ya benki kabla ya kuondoka.

## Nyimbo

Tuimbe nini? Tuwaimbie Waitaliano nyimbo zao?

Wimbo mmoja au miwili, kwa heshima, kama mnaimudu. Palestrina akiimbwa na vijana wa Dodoma ndani ya kanisa la Roma, watu hunyanyuka. Lakini hawakuwaalika ili msikike kama kwaya ya mtaa wa pili. Theluthi mbili ya programu iwe yenu: Kiswahili, na lugha za nyumbani pia. Wimbo wa Kisukuma, Kihaya au Kitaita unaoimbwa na watu wanaoujua maneno yake una nguvu ambayo hakuna mazoezi yanayoweza kuitengeneza.

Tumekwishaona hili likifanyika. Mwaka 1958 vijana na walimu wa shule ya Kamina, Katanga, nchini Kongo, walizunguka nchi kadhaa za Ulaya wakiimba Misa iliyojengwa juu ya nyimbo za asili za nchi yao, na Ulaya iliwasikiliza kwa sababu walikuja na cha kwao. Desemba 1, 2019, Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu wa Kongo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, pamoja na jumuiya ya Wakongo waishio Roma. Hamwendi kuomba ruhusa ya kuwa Waafrika kanisani. Mlango huo umefunguliwa zamani.

Watu wataelewaje Kiswahili?

Andikeni karatasi ya programu yenye jina la wimbo, unatoka wapi, na sentensi mbili za Kiitaliano zinazoeleza maana. Mpeni Mtanzania au Mkenya asomaye Italia aikague, msiiachie programu ya simu peke yake. Mwanakwaya mmoja ajifunze kusema salamu na utambulisho kwa Kiitaliano, pole pole na kwa sauti. Wenyeji husamehe makosa ya sarufi, ila si kunong'ona.

Tunasoma sol-fa tu. Ni tatizo?

Si tatizo kabisa kwa kuimba. Ni tatizo pale mtakapotaka kuimba wimbo mmoja pamoja na kwaya wenyeji, kwa sababu wao wataleta muziki ulioandikwa kwa noti juu ya mistari mitano. Mbadilishane karatasi miezi mitatu kabla, na mwalimu wenu auandike wimbo kwa sol-fa kwa ajili yenu na kwa mistari mitano kwa ajili yao. Ule wimbo wa pamoja, mwisho wa tamasha, kwaya mbili zimechanganyika, teno amesimama karibu na teno asiyejua jina lake: kama mtakosa muda wa mambo mengine yote, hilo msilikose.

Tunaweza kucheza na kupiga ngoma?

Kwenye ukumbi au uwanjani, chezeni mtakavyo. Kanisani, muulizeni paroko kabla, na si asubuhi ya tamasha. Wengi hukubali mwendo wa kuyumba na vigelegele vya staha. Kuhusu ngoma, tatizo mara nyingi ni mwangwi kuliko maadili; tazama jibu la mwangwi hapa chini.

Kusafirisha ngoma ni jambo jingine. Ulaya ina masharti kuhusu bidhaa za wanyama, na ngozi ambayo haijatibiwa vizuri inaweza kuleta maswali forodhani. Ulizeni wenyeji kama wana ngoma za kuazimisha. Kayamba na njuga ni nyepesi na zinatosha kwa nyimbo nyingi.

Wanapiga kelele "bis!" Wanataka nini?

Wanataka wimbo mwingine. Muwe na wimbo wa akiba, mfupi, wa furaha, usioandikwa kwenye programu. Mkiurudia ule walioupenda zaidi ni sawa pia.

## Kuimba kanisani

Ruhusa inaombwa kwa nani?

Tofautisheni mambo mawili: kuimba kwenye Misa, na kufanya tamasha ndani ya kanisa. Kwa Misa, mnaongea na paroko au ofisi ya muziki ya kanisa husika, na nyimbo zenu zinapaswa kufuata Misa ya siku hiyo. Makanisa makubwa, pamoja na Basilika la Mtakatifu Petro, hupokea kwaya za wageni kwa njia hii, lakini huomba orodha ya nyimbo mapema na huweza kuikata. Msitume orodha ya nyimbo tano mkategemea kuongeza mbili papo hapo.

Kwa tamasha, Vatikani ilitoa mwongozo Novemba 5, 1987. Unataka ombi la maandishi kwa askofu wa mahali, muziki wa kiroho, kiingilio bure na wazi kwa wote, na waimbaji wasikae patakatifu, yaani eneo la altare. Majimbo hutofautiana kwa namna ya kuutekeleza, ila mkiupanga mradi wenu kwa kufuata haya hamtakwama. Msichapishe tiketi.

Mwangwi wa makanisa hayo ukoje?

Hili ndilo linaloamua kama mtasikika vizuri au la, na hakuna wa kuwafundisha nyumbani kama mmezoea ukumbi wenye dari ya mbao na spika mbili.

Mkifika kwa jaribio la sauti, mwalimu asimame katikati ya kanisa tupu apige kofi moja, kisha wote wanyamaze. Msikilize sauti inavyopanda, inavyozunguka, inavyokataa kuisha. Katika kanisa kubwa la mawe inaweza kuchukua sekunde tano au zaidi. Sasa fikiria wimbo wenu wa kasi wenye maneno mengi: silabi ya kwanza bado iko hewani wakati ya sita inatoka, na kwa aliyeketi nyuma yote yanakuwa uji. Kwa hiyo punguzeni kasi, tamkeni konsonanti mapema na kwa ukali kidogo kuliko mlivyozoea, fupisheni noti za mwisho wa mstari, na mwalimu asubiri mwangwi ufe kabla ya kuanza ubeti mpya. Besi waimbe kwa wepesi kwa sababu sauti nzito ndiyo inayobaki muda mrefu. Ngoma kubwa ipigwe kwa vidole, au iachwe. Mpangilio wa kusimama nao ubadilike: nusu duara ya karibu karibu ni bora kuliko mistari mirefu, maana mtu wa ukingoni hasikii wenzake, anausikia mwangwi wao tu, anachelewa.

Tenga dakika arobaini na tano kwa jaribio hili kila kanisa. Kanisa la Sant'Ignazio mjini Roma, ambalo hupokea kwaya nyingi ngeni, na kanisa dogo la kijiji cha Umbria si chumba kimoja. Kwaya inayoimba mahali pote pawili kwa namna ileile itafeli katika mojawapo.

Na msiombe kipaza sauti. Hamkihitaji.

Tuvae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wote, hata mnapoingia kutembea tu. Kanga moja ndani ya mkoba wa kila msichana humaliza tatizo mlangoni. Sare ya kitenge ipendeze na ipitishe hewa. Viatu vizoeeni nyumbani, kwa sababu sakafu za mawe huumiza miguu na mtasimama muda mrefu.

Mimi ni Mwislamu na ninaimba kwenye kwaya ya chuo. Nitalazimika kushiriki ibada?

Hapana, na mwalimu wako alipaswa kukuambia hili kabla hujauliza. Kwenye tamasha unaimba kama wenzako, na hijabu yako haina tatizo lolote. Kwenye Misa unaweza kuimba bila kushiriki Komunyo, au ukae nyuma ukipenda, hakuna anayehesabu. Roma ina msikiti mkubwa ulio miongoni mwa mikubwa zaidi Ulaya, na ratiba ya Ijumaa inaweza kupangwa. Kuhusu nyama, waambieni wenyeji mapema. Tambi na mchuzi wa nyanya zipo kila mahali.

## Barabarani na mezani

Saa zao na zetu zinapishanaje?

Italia iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Wao huandika ratiba kwa saa 24, hivyo 21:00 ni saa tatu usiku. Ratiba ya kwaya iandikwe kwa namna zote mbili, kwa sababu mwanakwaya mmoja akisoma vibaya, basi zima linasubiri.

Basi letu linaweza kutembea siku nzima?

Sheria ya Ulaya inamruhusu dereva kuendesha saa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki saa 10, na lazima apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha. Hatazivunja kwa kuombwa, na msimwombe. Miji mingi mikubwa pia hutoza kibali cha basi kuingia, kwa hiyo ulizeni kama kimo kwenye bei. Venezia hulipisha wageni wa siku moja kiingilio kwenye tarehe fulani tangu 2024, na waliolala mjini humo hawalipi.

Kingine: msiimbe kwenye basi. Najua ni vigumu. Lakini kelele ya injini huwafanya mpaaze bila kujua, na soprano anayefika akiwa amekauka koo hatarudishwa na limau.

Chakula kitatutosha?

Cha mchana na usiku, ndiyo. Kifungua kinywa ndipo shida: kahawa ndogo na mkate mtamu. Aliyezoea uji na viazi atakuwa na njaa saa nne asubuhi, na njaa hushusha noti. Nunueni mayai, matunda na mkate. Msibebe nyama wala maziwa kutoka nyumbani, hairuhusiwi kuviingiza. Maji ya mabomba madogo ya mitaani Roma ni salama na bure, bebeni chupa.

Chaja zetu zitaingia?

Hapana. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi zao. Nunueni adapta nyumbani. Umeme wenyewe ni volti 230, hauna madhara.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Tunaweza kuimba barabarani au uwanjani bila kibali?

Wimbo mmoja wa ghafla kwenye ngazi za kanisa la kijiji huwa furaha tupu. Katikati ya Roma, Firenze au Venezia, polisi wa manispaa watawafikia, na wana haki. Ombeni kibali kupitia wenyeji wenu. Ndani ya makanisa na makumbusho kamwe msianze bila ruhusa, hata dari iwe inawavuta namna gani.

Je, tunalipia haki za watunzi?

Mwandaaji wa onyesho ndiye hushughulikia, mara nyingi kupitia SIAE, shirika la haki za watunzi lililoanzishwa 1882. Kazi yenu ni kumpa orodha kamili: jina la wimbo, mtunzi, aliyepanga sauti. Mtunzi akiwa amefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, wimbo uko huru. Angalieni nyimbo za asili: wimbo wenyewe hauna mwenyewe, lakini mwalimu aliyeupanga sauti nne mwaka jana ni mtunzi wa mpangilio huo, na jina lake liandikwe. Tumewasahau walimu hawa vya kutosha.

Tunataka kushindana, si kutembelea tu.

Arezzo ina shindano la kimataifa la kwaya tangu miaka ya 1950, na mji wa Gorizia una lake, la Seghizzi, tangu miaka ya 1960. Viwango ni vya juu, na huhitaji kurekodi sampuli na kufuata masharti ya nyimbo. Kwaya iende kwanza kwa ziara ya kawaida, ijifunze mwangwi, kisha ifikirie mashindano.

Mtu akiugua?

Namba ya dharura ni 112. Kuna jambo moja la kukariri: mwanakwaya akipata homa, mwambieni daktari papo hapo kwamba ametoka eneo lenye malaria. Daktari wa mji mdogo wa Italia anaweza kufikiria mafua, na malaria haingoji. Andikeni neno hilo kwenye kadi ya kila mtu, pamoja na mzio na dawa anazotumia.

Pasipoti ikipotea?

Toeni taarifa polisi mpate hati ya maandishi, kisha nendeni ubalozini Roma. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina balozi hapo. Mwalimu awe na nakala za pasipoti na viza zote kwenye karatasi na kwenye barua pepe.

Mwanakwaya akitoroka?

Wajulisheni wazazi, wenyeji, polisi na ubalozi siku hiyohiyo. Kuficha hakumsaidii yeye wala kwaya itakayoomba viza baada yenu. Kabla ya safari, zungumzeni waziwazi, bila vitisho: kijana aliyetoroka bila hati huko huishia kwenye kazi za kunyonywa, bila wa kumtetea. Na sikilizeni nani ana shida nyumbani. Mara nyingi dalili zilikuwepo mazoezini.

Msiba ukitokea nyumbani tukiwa huko?

Kubalianeni kabla ya kuondoka. Familia impigie mlezi wa safari, si mwanakwaya, na kila mzazi aambiwe hivyo kwenye kikao. Mlezi akae na kijana faraghani, pamoja na rafiki wa karibu. Msimfiche hadi tamasha liishe: habari zitamfikia kwenye simu akiwa amevaa sare, na hatawasamehe. Akitaka kuimba, aimbe. Akitaka kurudi, mfuko wa dharura ulipie mabadiliko ya tiketi, na mtu mzima mmoja amsindikize hadi uwanja wa ndege. Kwa hiyo mfuko huo uwe na angalau fedha za kubadilisha tiketi mbili, na usiguswe kwa jambo jingine lolote hadi mtakapotua nyumbani.